Kitenzi kilichonikesha: *wesaną

Usiku kucha nimekuwa na kitenzi kimoja tu, *wesaną, yaani "kuwa", na bado nina furaha. Ile nyota mbele ina maana hakijakutwa kimeandikwa popote. Wanaisimu wamekiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana na Kijerumaniki cha kale, yaani Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kigothi (lugha iliyokwisha kufa) na ndugu zao.

Shuleni tulikariri "was" kwa umoja, "were" kwa wingi, basi. S iligeukaje R? Kumbe wakati uliopita wa *wesaną ulikuwa *was kwa "alikuwa" na *wēzun kwa "walikuwa". Zamani zaidi, katika umoja mkazo ulikaa kwenye mzizi, ila katika wingi ulikaa mwishoni mwa neno. S isiyotanguliwa na mkazo ikalegea ikawa Z, na Z hiyo baadaye ikawa R. Kisha mkazo ukahamia mwanzo wa kila neno: sababu ikafutika, matokeo yakabaki! Aliyelifumbua fumbo hili ni Karl Verner wa Denmark, miaka ya 1870, na sijawahi kusoma hoja ya isimu iliyonifurahisha kama hii.

Kijerumani kimesawazisha mambo, "war" na "waren", lakini S yao ya kale ingali hai ndani ya "gewesen", umbo la kitenzi hichohicho kama "been" ya Kiingereza. Kigothi nacho kina S kote: "was", "wesun".

Mzizi wenyewe ulimaanisha kukaa, kulala mahali. Kisanskriti, lugha ya kale ya India iliyo binamu wa mbali wa lugha hizi, kina "vasati", anakaa. Wenzangu mnaofundisha Kijerumani, tafadhali wasimulieni wanafunzi habari hii kabla ya kuwapa jedwali la kukariri.