Nimeshuka Taktsang, magoti bado yanatetemeka

Nipo Paro, Bhutan, ndugu zangu. Taktsang ni monasteri ya Wabudha huku milimani.

Tumeanza kupanda asubuhi na mapema, msitu wa misonobari, bendera za sala zikipepea juu yetu. Taktsang iko kwenye mita 3,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Imejengwa mwaka 1692, imeng'ang'ania jabali kama kiota cha mbayuwayu. Mwaka 1998 iliungua, wakaijenga upya palepale.

Mlangoni unaacha simu, begi na viatu. Kwa hiyo picha ya ndani sina hata moja.

Ila kulikuwa na bibi mmoja. Njia nzima tumepanda naye, tasbihi mkononi, midomo ikicheza taratibu.

Akawasha taa ya siagi.
Akaukinga mwali kwa viganja viwili mpaka ukatulia.
Kisha akanisogezea njiti, bila neno.

Nikawasha yangu.

Nikamkumbuka bibi yangu Tanga, na tasbihi yake baada ya sala ya alfajiri. Vidole vilevile, mwendo uleule. Machozi yakanitoka, wala sikuyafuta.

Harufu ya siagi bado iko kwenye mikono yangu.

Nanyi mliowahi kuingia mahali patakatifu pa watu wengine, nini kiliwagusa? Niambieni, usiku huu nitasoma yote.