Nipelekee kwenye chemko

Jumamosi nilikua pale sokoni Mtwara natafuta mtu wa kuniwekea nyimbo kwenye flashi, tulikua tunapanda Newala alfajiri kwenye jando ya watoto wa binamu yangu na gari ya shemeji haina redio inayokamata kitu huko njiani. Kijana wa kibanda akachomeka flashi kwenye kompyuta akaniuliza, "Dada unataka dansi ya zamani eeh, nikumwagie folda lote?" Folda lote nyimbo mia nne na ushee. Nikamwambia ngoja kwanza nisikie. Akasema, "Si utazisikia hukohuko njiani dada, usiyoipenda unaruka." Na hana kosa, kwa bei yake ile nani anakaa kusikiliza. Ila mimi nilishindwa kabisa, nikavuta stuli nikaanza moja moja, nikakaa pale karibu saa nzima, na muda wote namuwaza Mjomba.

Mjomba alikua anashuka toka Newala kila mwaka akishalipwa hela ya korosho. Anafikia kwetu Chikongola, anaoga, anakula, anauliza shule inaendaje, alafu ananiambia, "Haya mpwa, twende tukasikilize." Hajawahi kusema twende tukanunue. Mimi nipo darasa la tano hapo, mwaka 2001, nafuatana nae mpaka kwenye duka la kanda jirani na soko, duka lenyewe jembamba kama korido, ukutani kanda zimepangwa migongo nje mpaka darini, na barazani spika moja kubwa inaangalia barabara.

Kwa wasioijua biashara ile: kanda mpya zinakuja na nailoni yake, mwenye duka hawezi kukufungulia kila moja, kwahiyo kwenye kila toleo anafungua moja tu, hiyo ndo ya kuonjea. Ukitaja unachotaka anaitia kwenye deki unasikia kipande, ukiridhika anakupa yenye nailoni. Wateja wengi walikua wanasikia dakika moja ya wimbo wa kwanza, wanatikisa kichwa, wanalipa. Mjomba hapana.

Kwanza anaamkiana na mzee wa duka vizuri, anauliza habari za nyumbani, wala hana haraka. Alafu anasema, "Mzee wangu, naomba hilo spika kubwa ulizime, nipigie kwenye karedio kadogo." Nilikua naona aibu jamani. Siku moja nikamuuliza tukiwa njiani kurudi, akaniambia spika ile kwake haipo, kwake ipo redio kaseti ya batri sita, sasa akisikia besi ya dukani akalipia, akifika Newala ile besi ataipata wapi? Anataka asikie muziki kama utakavyolia kwake. Mpaka leo nikinunua kitu chochote chenye sauti nakumbuka hilo.

Ya pili, hataki wimbo unaopigwa redioni. "Huo nshausikia, unanionjesha nini?" Anaomba upande B, wimbo wa katikati. Alikua anasema wimbo wa kwanza kila bendi inajitahidi, kule katikati ya B ndo utajua kama walikua na nyimbo au walikua wanajaza kanda.

Alafu ya tatu ndo iliyokua inamfurahisha mzee wa duka. Mjomba alikua mtu wa Sikinde damu, ile bendi ya dansi ya DDC Mlimani Park yenyewe iliyoanza 1978, na nyimbo za dansi za namna ile hazina haraka, unaanza ule mwendo wa taratibu, wanaimba kisa chote, mke, mume, majirani, unaweza ukafika dakika ya nne ya tano ndo magitaa yanabadilika, ngoma inachanganya, matarumbeta yanajibizana. Hapo ndo kwenye chemko. Ukionja mwanzo peke yake hujaonja kitu, ni kama kunusa sufuria limefunikwa. Kwahiyo Mjomba anasema, "Mzee wangu nipelekee kwenye chemko," na mzee anabonyeza kupeleka mbele, anasikilizia ule mlio wa kukimbia wa kanda, anabonyeza simama, na mara nyingi anaangukia palepale. Alikua anapajua kwa sikio. Na hapo hata wapita njia wanasimama, mama wa maandazi anaweka beseni chini, mtu mwingine mnabishana nae kabisa kwamba hii kanda haifiki ile ya mwaka jana, mtu hamjuani!

Niliwahi kusoma kuhusu duka moja la Marekani, Wallichs Music City pale Hollywood, lilifunguliwa 1940, walikua na vichumba vya kusikilizia, unaingia na sahani yako ya santuri unajifungia unasikiliza kabla hujalipa. Nikasema kumbe wazo ni lilelile. Tofauti kwetu kile kichumba kilikua barabara nzima.

Na lazima useme pia kwamba miaka ile ukikosea umekosea. Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003, kabla ya hapo ni kivuko cha Ndundu, na masika barabara ikikatika ndo basi, mzigo toka Dar unasubiri. Wimbo tunausikia Redio Tanzania leo, kanda yenyewe inatufikia wiki kibao baadae. Hakuna kurudisha. Mama alishawahi kununua ya taarabu stendi kwa muuza mkononi, ina nailoni nzuri tu, hakuisikiliza, tumefika nyumbani upande B ni upande A tena umerudiwa. Alinyamaza siku nzima. Ile ilikua hela ya mboga.

Sasa na mimi ninayo kanda yangu moja. Mwaka 2002 Mjomba korosho hazikumlipa vizuri, alikuja akasikiliza kama kawaida, alafu akamwambia mzee wa duka kwamba leo nimesikiliza tu, uniwie radhi. Mzee akachomoa ile ya kuonjea kwenye deki akasema, "Chukua hii kwa nusu, zenye nailoni zimebaki mbili tu." Mjomba akalipa akanipa mimi. Kava ina alama za vidole mpaka rangi imetoka. Na mkanda ukipita sana kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachousoma, ile poda yake ya kahawia inalika, sauti kali kali ndo zinaanza kupotea, matoazi, nyuzi nyembamba za gitaa, ndo maana wimbo wa kwanza upande A unalia kama mtu anaimba akiwa amejifunika shuka. Mji mzima umeusikia ule wimbo kwenye kanda hii.

Mjomba alifariki 2015. Hiyo Jumamosi baada ya kumalizana na kijana (nilichukua nyimbo 31) nilirudi nyumbani nikaichukua kanda nikampelekea fundi redio mmoja hapa Chikongola ambae bado ana deki nzima. Akafuta hedi kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka ya kahawia. Akaingiza kalamu ya Bic kwenye tundu akazungusha kukaza mkanda, akaitia, akabonyeza. Ukaja ule wimbo wa kwanza umefifia zaidi ya ninavyoukumbuka. Fundi akasema, "Dada hii imechoka."

Nikamwambia geuza, upande B, wa katikati.

Akageuza. Ulikua safi. Nikamwomba azime spika ya nje atumie ile ndogo ya mezani, akanitazama ila akazima. Akaanza kupeleka mbele nikamzuia, nikamwambia hapana, leo tuuache tu ufike wenyewe. Akarudi kwenye pasi yake ya risasi anaunga waya, mimi nimekaa kwenye benchi, kisa kinaimbwa taratibu, na magitaa yalipobadilika akaweka pasi chini.