Marigat imekuwa kijani, na nyasi hazipo

Ninyi mlioondoka Baringo kabla mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka ng'ambo, haijafunga njia, msidanganywe na picha mnazotumiwa. Ni kweli Marigat imekuwa kijani. Kuelekea vijiji vya Ng'ambo na Salabani ni kijani kitupu, hata kiangazi. Nilipoiona baada ya miaka mingi ughaibuni nilifurahi kwa muda mfupi sana, kisha nikashuka garini nikainama kutazama chini ya ile miti. Hapana nyasi hata unyasi mmoja. Ni vumbi, miiba mikavu na maganda ya manjano.

Mnakumbuka tulivyochunga. Uwanda ulikuwa wazi, mbuzi wako unamwona angali mbali, na kiangazi kikikaza tulitikisa migunga, maganda yakawadondokea wanyama. Chini ya mgunga nyasi zilistawi kuliko zile za juani. Mathenge haimpi jirani nafasi. Matawi yake hufungana hadi karibu na ardhi, na majani yanayodondoka yana kemikali zinazozuia mbegu za mimea mingine kuota. Mzizi wake mkuu hushuka mpaka kwenye maji ya chini, ndiyo maana hubaki kijani mimea mingine inaponyauka.

Lakini lililoniumiza kuliko yote ni meno ya mbuzi.

Maganda ya mathenge yamejaa sukari. Mbuzi asiye na nyasi huyatafuna kutwa, kesho tena, kesho kutwa tena. Utamu ule hunata kwenye meno na ufizi, ufizi unaoza, meno yanalegea na kung'oka. Mbuzi ana miguu mizima na macho maangavu, ila hawezi kukata jani, kwa hiyo anakufa njaa amesimama. Nyumbani nilimshika mmoja, jike lililokuwa la maziwa, nikamfungua kinywa. Meno machache yaliyobaki yameinama, ufizi umekuwa mweusi, na harufu yake sijaisahau. Mwaka 2006 wakazi wa Ng'ambo walipoishtaki serikali kwa kuwaletea mti huu, mbuzi kibogoyo alipelekwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Huko nilikokuwa, watu waliisimulia habari hiyo wakicheka hadi machozi. Waje waishike taya ile kwa mikono yao, halafu wacheke.

Na uchungu zaidi ni kwamba mbuzi huyohuyo ndiye anayeipanda. Mbegu ina gamba gumu. Tumbo hulilainisha bila kuiua, ikatoka ndani ya samadi tayari kuota. Maboma yaliyohamwa yamekuwa vichaka visivyopenyeka. Perkerra na Molo zikifurika, maji huyabeba maganda hadi kando ya ziwa. Kwao, huko Amerika ya Kati na ya Kusini, mbegu hizo zina wadudu wanaozitoboa. Mti ulipopandwa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili tupate kuni na kuzuia jangwa, haukuja na adui zake. Kutangazwa rasmi kuwa gugu hatari kulisubiri hadi 2008.

Mnaorudi, jiandaeni. Mwiba wake unapenya akala na kutoboa tairi, basi vaeni viatu vya soli nene. Mkiwa na shamba, ng'oeni miche ikiwa bado michanga, maana panga pekee ni kuiongezea nguvu: ukikata shina moja juu ya ardhi, kisiki hurudisha mengi. Chimbeni mpaka chini ya pale machipukizi yanapotokea, mtoe kisiki chote, kisha mpande nyasi za kwetu mara moja. Ardhi ikiachwa tupu, mbegu zilizolala udongoni zitairudia kabla ninyi hamjarudi.

Najua wako wanaoitetea kwa sababu ya mkaa na asali. Mkaa wake ni mzuri, sikatai, na umesomesha watoto. Ila anayechoma mkaa akaacha visiki ardhini anavuna tu, haiondoi, na mwenye mbuzi ndiye anayelipa gharama. Ninachokiona cha maana zaidi ni kuokota maganda na kuyasaga. Mbegu ikisagwa haioti tena, na unga wake ni chakula cha mifugo kikichanganywa na malisho mengine, bila kukwama kwenye meno.

Kwa hiyo ninyi mnaotuma pesa za kujenga nyumba, nawaomba sehemu yake muielekeze kwenye mashine ya kusaga ya kijiji na mbegu za nyasi. Hata wazee wanaokumbuka nyasi zipi zilimea wapi tunao bado, na kazi hiyo ianze wakiwa hai. Nyumba ya mawe katikati ya mathenge nimeiona. Mwenyewe hafugi hata mbuzi mmoja.