Kupandisha Windows kutoka Home hadi Pro

Kompyuta ninayotunzia hesabu za duka letu la pembejeo hapa Uyole ilinunuliwa ikiwa na Windows 11 Home, toleo ambalo kwa mtu wa kuandika barua na kutazama filamu linatosha kabisa. Mimi nilitaka Pro kwa sababu mbili. Ya kwanza ni BitLocker, inayoifunga diski nzima, hata mwizi akiing'oa na kuichomeka kwenye mashine nyingine asiweze kusoma orodha ya wakulima wanaodaiwa mbolea (Home hutoa ulinzi wa namna hiyo kwa baadhi ya mashine tu). Ya pili ni kuifikia kompyuta hiyo nikiwa Tukuyu, kwani Home huweza kuingia katika mashine nyingine kwa Remote Desktop, lakini yenyewe haikubali kuingiwa.

Kazi yenyewe ni fupi. Unafungua mipangilio, sehemu ya Activation, unaingiza ufunguo wa leseni wenye herufi na tarakimu 25, kisha mashine inajizima na kuwaka tena ikiwa Pro, huku mafaili na programu zikibaki zilivyokuwa. Mafundi wanaosisitiza kwamba lazima diski ifutwe kwanza, sijui habari hizo wanazitoa wapi. Hata hivyo, mafaili niliyanakili kwanza kwenye diski ya nje, maana umeme wetu tunaujua.

Kinachostahili uangalifu zaidi ni ufunguo wa dharura wa BitLocker, wenye tarakimu 48: ukipotea, hakuna fundi wa Mwanjelwa atakayekufungulia. Wangu nimeuchapa karatasini na kuuhifadhi pamoja na hati ya kiwanja.