Nilivyoichagua mashine ya sindano ya kuondoa ndevu za kidevuni

Udevu wa kwanza ulitoka upande wa kushoto wa kidevu nikiwa na miaka 23. Niliung'oa kwa kibano nikasahau. Kufika miaka 30 nilikuwa nang'oa kila asubuhi kabla ya kutoka, na kibano cha pili kinakaa mkobani ili nijikague kwenye kioo kidogo nikingoja feri Likoni. Sukari iliyopikwa na ndimu nimeitumia miaka. Somo wangu ndiye aliyenifunza wakati wa harusi, na kwa miguu na mikono sina ubaya wa kuisema. Kidevuni ilikuwa balaa: nywele zikikatikia ndani zinarudi zimejikunja chini ya ngozi, vinatoka vipele, vipele vinaacha mabaka meusi. Watu walikuwa wanayaona mabaka kuliko ndevu zenyewe.

Mamangu ndiye aliyenisukuma kwa daktari. "Mwanangu, ngozi hiyo unaipiga vita tu. Nenda ukaangaliwe damu." Nilikwenda, nikapimwa homoni na nikafanyiwa picha ya ovari. Ilibainika nina vifuko vingi vidogo kwenye ovari, jambo linalowapata wanawake wengi, na homoni za kiume zilikuwa juu kidogo. Nikapewa dawa. Daktari alinieleza waziwazi kwamba dawa hupunguza ndevu mpya, ila zilizokwisha komaa haziondoi. Nasisitiza hatua hii kwa sababu ningeanza na mashine peke yake, ningekuwa natoa kumi huku ishirini zinaota.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mashine, na nilitafuta miezi minne. Za mwanga niliziacha mapema. Mwanga huifuata melanini, ile rangi nyeusi ya asili iliyo kwenye unywele, lakini ngozi yangu nayo ni nyeusi, imejaa melanini hiyo hiyo, kwa hiyo ile ya nyumbani ingeweza kuniunguza uso. Tena Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inauhesabu mwanga kuwa unapunguza nywele kwa muda mrefu; njia ya umeme wa sindano ndiyo inayokubaliwa kuziondoa kabisa, zisirudi.

Kisha nikakutana na mashine zenye kibano cha umeme. Unashika unywele, unabonyeza, eti umeme unateremka hadi kwenye mzizi bila sindano. Karibu ninunue, maana hakuna kuchoma. Lakini unywele mkavu haupitishi umeme wa maana. Hauna tofauti na uzi wa pamba. Ukikaa ukifikiri utaona umeme hauna njia ya kufika chini, na unachobaki nacho ni kibano cha bei ghali. Zile za kupaka jeli na kubandika kitambaa chenye waya nazo nikazikataa kwa hoja hiyo hiyo: umeme unatawanyika kwenye ngozi, kwenye mzizi haufiki.

Njia ya sindano ni ya zamani sana. Daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, Charles Michel, aliandika mwaka 1875 jinsi alivyoitumia kwa kope zinazoota kuelekea ndani na kuchoma jicho. Nililipenda hilo. Kama mtu aliithubutu karibu na mboni ya jicho, kidevu changu kingeweza kuivumilia. Sindano nyembamba inaingizwa kwenye kinyweleo bila kutoboa ngozi, inapita kando ya unywele hadi kwenye mzizi. Umeme mnyoofu, ule wa betri, ukikutana na chumvi na maji yaliyomo ndani, unatengeneza kostiki, ile ile ya kupikia sabuni, kwa kiasi kidogo mno. Hiyo ndiyo inayoua mzizi.

Wifi yangu alikuwa anakuja kutoka Marekani, na alinitafutia mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ya kuchomeka ukutani, ya volti 120. Huku kwetu stima ni volti 240, ningehitaji transfoma, na sikutaka kitu kilichounganishwa na ukuta kifike usoni mwangu kwa sindano. Ya pili ilikuwa ya betri ya volti 9, yenye kitufe cha kuzungusha kinachoonyesha nguvu. Nilimwambia alete hiyo.

Wakati namsubiri, nikanunua nyingine ya bei rahisi hapa mjini, inayofanana na ile kwa sura. Mashine hiyo ndiyo iliyonifunza zaidi ya yote niliyosoma. Nilikuwa najua kwamba sindano lazima iwe upande wa hasi, na kile kipande cha chuma unachoshika mkononi kiwe chanya. Ikigeuzwa, chuma cha sindano kinayeyuka na kubaki ndani ya ngozi, unapata alama nyeusi kama chale. Nikaipeleka kwa fundi wa redio Mwembe Tayari. Sikumwambia ni ya nini. Nilisema ni ya urembo. Akachukua mita yake, akagusa huku na huku, akaniambia, "Dada, waya hizi zimebadilishwa. Hapa penye sindano ni chanya." Nilirudi nyumbani nikajaribu mwenyewe kwa glasi ya maji ya chumvi: nikatumbukiza ncha zote mbili na viputo vingi vikatoka kwenye kipande cha mkononi badala ya sindano. Viputo vingi ni haidrojeni, nayo hutoka upande wa hasi. Sikuirudisha dukani. Niliikata waya ili asije mtoto akaichezea.

Ya wifi ilipofika, kitu cha kwanza ilikuwa glasi ile ile. Viputo vikachemka kwenye sindano. Fundi akaipima na kuona kitufe kinaongezeka polepole, kuanzia sehemu ya kumi ya miliampea, kipimo cha umeme mdogo, bila kuruka. Kuruka ndiko nilikokuwa nakuogopa.

Sikuanza na uso. Nilichagua nywele 20 za mguuni, juu ya kifundo, nikasubiri miezi mitatu kuona kama ngozi yangu itavimba kovu. Kwetu kuna watu wanaovimba makovu kwa kutoga sikio tu. Mwenye ngozi hiyo asiguse sindano. Wala mjamzito au mwenye kifaa cha umeme moyoni.

Hesabu ya kujua kiasi cha kostiki ni nyepesi: zidisha miliampea kwa sekunde, kisha kwa kumi. Kidevuni natumia miliampea 0.3 kwa sekunde 20, yaani vipimo 60 vya kostiki. Nikivuta unywele unateleza wenyewe kama uzi kwenye siagi. Ukikataa, siulazimishi, maana kuulazimisha ni kung'oa tu. Nafanya baada ya kuoga, alasiri, dirishani penye mwanga, nikiwa na kioo cha kukuza. Joto la Mombasa hapa linasaidia: ngozi yenye unyevu hupitisha umeme vizuri. Kabla na baada napaka spiriti, na sindano ni mpya kila mara, kwenye pakiti iliyofungwa. Sitoi zaidi ya 15 kwa siku, wala mbili zilizokaribiana, ngozi ipate kupumzika.

Kilichonichosha ni kuacha kung'oa. Udevu uliong'olewa hauna mahali pa kuingizia sindano, kwa hiyo miezi ya mwanzo nilikuwa nazipunguza kwa mkasi tu na kujitanda mtandio hadi kidevuni. Nyingine zilikuwa zimelala chini na zikaja kujitokeza baadaye. Hadi sasa ni miezi 14. Zimebaki nyembamba chache shingoni, na mabaka yamefifia.

Binamu yangu wa Majengo ameomba nimkopeshe. Sindano sitampa mtu hata awe ndugu wa tumbo moja, kwa sababu ya homa ya ini na virusi. Nimemwambia kwanza aende akapimwe homoni, kisha anunue yake. Jumamosi tunakwenda pamoja kwa fundi wa Mwembe Tayari, naye amebeba chumvi kwenye mfuko.