Diski ya kwenye ruta: nilivyoishia kwenye ext4

Napiga video za harusi hapa Tanga, na kwetu ni Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Mwaka jana nilichoka kuhamisha diski kila mdogo wangu anapotaka kuhariri, nikaichomeka diski ya terabaiti 1 nyuma ya ruta ili sote tuifikie kwa waifai. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua karibu miezi miwili mpaka ikatulia, na sababu ilikuwa moja tu: mfumo wa mafaili, yaani mpangilio ambao diski inautumia kuhifadhi na kutafuta mafaili. Ipo ya aina nyingi: FAT32, exFAT, NTFS, ext4.

FAT32 sikuifikiria kabisa, maana haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na harusi moja ya ukumbini inapita hapo bila shida. Diski yenyewe ilitoka dukani ikiwa exFAT. Ruta ikaitambua, laptopu ikaiona, tukafurahi.

Jioni moja nakopi harusi ya Pangani, umeme ukakatika. Uliporudi, folda ilikuwepo, lakini ndani yake majina ya mafaili yamegeuka alama zisizosomeka, na mengine yanaonyesha ukubwa wa sifuri. Nilihisi tumbo linakatika. Ile ni siku ya watu, hairudiwi! Alhamdulillahi, kadi za kamera nilikuwa sijazifuta.

Ndipo nikaanza kusoma kwa bidii. exFAT haina jonali. Jonali ni kama daftari la mwenye duka anayeandika "natoa kilo mbili za sukari" kabla hajashika mzani. Taa zikizimika katikati, akirudi anafungua daftari na kuona alipoishia. Asiye na daftari atabaki kukisia. Kwa mji ambao umeme unaweza kwenda saa yoyote, mimi sasa siweki diski isiyo na daftari kwenye kifaa kisicho na betri.

Mdogo wangu akasema, "Dada, weka NTFS. Ina jonali, na kompyuta zetu zote si Windows?" Niliona ana hoja, nikafomati. Kasi ikashuka mpaka megabaiti 8 kwa sekunde. Nikafungua ukurasa wa ruta kuangalia kichakataji: asilimia 100, muda wote wa kukopi. Ruta yangu inaendeshwa na Linux, mfumo endeshi tofauti na Windows, na NTFS inaisoma kwa programu ya ntfs-3g inayofanya kazi nje ya keneli (kiini cha mfumo endeshi), kwa hiyo kila kipande cha data kinazungushwa njia ndefu. Kompyuta kubwa haitasikia uzito huo, ila karuta kadogo kanahemewa. Halafu umeme ukakatika tena. Uliporudi, diski ilisomeka lakini ikakataa kuandikwa. Ilibidi niichomoe, niipeleke kwenye laptopu, niikague kwa chkdsk, ndipo niirudishe. Diski iliyowekwa pale ili isichomolewe!

Lile neno la mdogo wangu, kwamba kompyuta zetu zote ni Windows, ndilo lililonifungua macho baadaye. Ni kweli, lakini laptopu haiigusi diski. Inaongea na Samba, programu ya kugawana mafaili iliyo ndani ya ruta, inaomba faili, inapewa faili. Limehifadhiwa kwa mfumo gani, haijui wala haihitaji kujua. Anayeishika diski ni ruta peke yake, kwa hiyo nilipaswa kuchagua kinachoifaa ruta.

Nikaazima diski ya rafiki, nikahamishia kila kitu, nikafomati ext4. Mfumo huu umo ndani ya keneli ya Linux yenyewe tangu 2008, na una jonali. Kasi ikapanda hadi megabaiti 27. Mambo mawili tu yalinisumbua. Kwanza, gigabaiti arobaini na kitu hazikuonekana: ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi wa mfumo, jambo lisilo na maana kwenye diski ya video tupu. Amri ya tune2fs -m 0 ikazirudisha. Pili, mdogo wangu akaniita, "Dada, nafungua lakini siwezi kuhifadhi." Folda zote zilikuwa mali ya root, yaani yule msimamizi wa mfumo, nikazibadilisha mmiliki kwa chown, akaendelea na kazi.

Ubaya wake ni kwamba ruta ikifa, Windows ya kawaida haitaisoma diski hii moja kwa moja. Kwa hiyo nina flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, inayowasha laptopu bila kugusa Windows. Niliijaribu mara moja, mafaili yakaonekana yote, nikaiweka kwenye droo.

Wiki iliyopita umeme umekatika tena, katikati ya kukopi. Faili lililokuwa njiani lilipotea, na hilo jonali hailizuii. Mengine yote yalikuwepo, na ruta ilipowaka diski ilikuwa tayari kabla sijamaliza kuzima taa ya simu. Nikaanza kukopi lile moja upya.