Usiku na mlima wa Fan Kuan

Jana nilichelewa kulala kwa sababu ya mlima. Niliifungua tena picha ya "Wasafiri kati ya Milima na Vijito", aliyoichora Fan Kuan yapata miaka 1,000 iliyopita, enzi za ukoo wa kifalme wa Song huko China. Asili yake imetunzwa kwenye makumbusho huko Taipei: hariri ya urefu wa mita 2 na ushei, upana kama mita 1. Kazi karibu yote ni ya wino, yaani masizi yaliyokandwa kwa gundi, yakakaushwa yakawa kijiti, kisha kijiti kikasuguliwa kwa maji juu ya jiwe.

Zamani niliuona mlima tu, nikapita. Jana nilianzia chini, nikaikuza picha kidogo kidogo. Kulia kuna msafara wa nyumbu wenye mizigo, na watu wawili wanaowaswaga, wadogo hata ukucha wangu uliwafunika. Nyuma yao msitu, kisha ukungu, na hapo ndipo nilipokaa sana. Ukungu ule haukuchorwa. Hariri imeachwa tupu, na jicho lenyewe linaujaza unyevu na baridi. Juu yake ndipo mwamba unapoinuka, na maporomoko membamba kama uzi yanashuka ubavuni mwake.

Nikaukuza mwamba. Kumbe ni vidoa vitupu! Maelfu ya vidoa vya ncha ya brashi, ambavyo Wachina huviita matone ya mvua. Uzito wote ule umejengwa kwa mguso mmoja baada ya mwingine. Husimuliwa kwamba Fan Kuan alianza kwa kuwaiga mabingwa waliomtangulia, kisha akaona heri ajifunze kwa milima yenyewe, akaenda kuishi huko. Naamini. Mtu hawezi kuujua mwamba namna hii kwa kusimuliwa.

Jina lake hakuliweka mahali pa kuonekana. Lilikuja kugunduliwa mwaka 1958 na mtafiti Li Lin-ts'an, limejificha kwenye majani nyuma ya msafara. Nalipenda sana jambo hili: amejiweka chini, kwenye vumbi la nyumbu, wala si kileleni.

Saa nane usiku nilikuwa bado kwenye majani yale, nikifuata tawi baada ya tawi.